Nilichomwambia Gervasi Pale Kizuizini

Yustina mwanangu,

Barua huanza kwa kusema natumaini u mzima. Mimi siwezi kuandika hivyo, maana nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya begi. Yeye anataka uongeze karanga, wewe unasema zipu itakatika. U mzima sana. Tuendelee.

Naandikia ndani ya tipa, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani. Jua bado halijazama, linanipiga shavu la kulia. Bosi ameniruhusu nilale na gari nyumbani leo ili kesho asubuhi nikupeleke stendi, na mama yako anadhani nipo humu nakagua oili. Mwache adhani. Miaka yote kuandika kwangu kumekuwa ni humu humu, tripu za kokoto na mchanga, tangu wakati ule tunapeleka mawe Msalato kwenye uwanja wa ndege. Nikikaa mezani mkono hauendi.

Mambo ya chandarua, chanjo, nguo za baridi, nakala za pasi na namba ya ubalozi sitayagusa. Mama yako keshayasema mara tatu, na hiyo hospitali iliyokuajiri imekupa karatasi nzima ya maelekezo. Nimeisoma. Ni nzuri. Imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimamishwa kizuizini.

Nianze na siku uliyotuambia. Tulikuwa tunakula ugali na mlenda. Ukasema umepata mkataba wa mwaka mmoja, kazi ya ukunga, hospitali ya misheni, na ukaitaja nchi. Mama yako aliacha kula akanitazama. Mimi nikaomba chumvi. Uliona vibaya, nilijua. Ulitaka nifurahi au nigombe, lolote kati ya hayo mawili, na mimi nikaomba chumvi. Mwanangu, tangu jioni ile nimekuwa kama mtu aliyechomwa ganzi na daktari wa meno. Najua nina taya, nikiligusa lipo, ila silisikii. Ndiyo maana hujaniona nikilia wala kubisha. Usidhani sijali.

Nchi hiyo ndiyo iliyombakiza baba yako mdogo Gervasi. Hilo unalijua, umekua nalo. Unajua nilikwenda naye na lori la vitunguu nikarudi peke yangu. Unajua palikuwa na ghasia za uchaguzi, kwamba watu wenye silaha walimchukua kizuizini, na kwamba hatujapata hata nguo yake ya kuzika. Wewe ulikuwa na miezi minne. Hivyo ndivyo nilivyomweleza bibi yako, na mapadri, na maofisa, na mama yako. Yote ni kweli. Lakini si yote, na kipande kilichobaki sijamwambia mtu.

Sasa redio inasema huko wanakaribia uchaguzi tena, watu wameanza kuingia barabarani na barabara zingine zinafungwa usiku. Wewe unaniambia, “Baba, hospitali iko mbali na mji mkuu.” Mahali alipobaki Gervasi palikuwa mbali na mji mkuu. Palikuwa na shamba la mihogo upande mmoja na kanisa dogo upande wa pili.

Halafu Jumapili, ukiwa unasuuza vyombo, ukaniuliza: “Baba, hivi kwa nini hukunifundisha Kisandawe?” Nikakujibu, “Ungekila?” Ukacheka, ila hukupenda. Jibu lenyewe ni hili hapa.

Hukumjua Gervasi, kwa hiyo nikuambie kidogo. Alikuwa mdogo wangu wa kufuatana ziwa. Mrefu, mkono wa kushoto, mpenda watu kupita kiasi. Akisimama kununua muhogo wa kuchoma anaondoka akiwa anajua majina ya watoto wa muuzaji. Alikuwa dereva mzuri kuliko mimi, na hilo nalisema leo kwa mara ya kwanza maana akiwa hai nilikataa katakata. Tulipokezana usukani, mimi mchana, yeye usiku. Nilikuwa namwambia, “Gervasi, huo mdomo wako utatuponza.” Loo. Nilikuwa nautazama mdomo usio wenyewe.

Sisi Wasandawe tukiwa mjini tuna tabia moja. Tukitaka kusema jambo mbele za watu na wasilijue, tunahamia kwetu. Mnabishana bei na mfanyabiashara, unamgeukia ndugu yako unamwambia kwa Kisandawe, “Ngoja, atashuka huyo.” Askari wa barabarani anakagua tairi, unamwambia mwenzako asiseme kitu. Hapa Dodoma watu wametuzoea. Wakisikia vidoko, zile sauti zetu za kugonga ulimi, wanacheka, wanasema, “Haya, wameanza kuvunja karanga mdomoni.” Mmoja wa ukweni kwangu huko Mkonze, Mgogo mwenye maneno kama nyinyi nyote wa upande wa mama, alikuwa akitusikia anatuletea kikombe cha maji akidai tumekabwa. Utani mtupu. Lugha yetu ilikuwa mlango wetu wa uani. Mambo yakibana mbele, tunatokea nyuma. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba mlango huo una nchi ambazo haufanyi kazi.

Usiku wa kuamkia siku ile tulilala kwenye mji mdogo baada ya mpaka. Malori yalikuwa mengi yamepaki, madereva wanasubiri. Asubuhi nikaenda kunywa chai kwa mama mmoja kando ya barabara. Saa mbili asubuhi nikamkuta anamwagia maji meko. Nikamtania, “Mama, leo umeamka na nini, hutaki kutuuzia?” Akanitazama, hakucheka. Akasema kwa Kiswahili chao cha kuungaunga, “Rudini kwenu, wanangu.” Basi. Akabeba sufuria lake kichwani likiwa bado la moto, akaondoka.

Mimi nililalamikia chai. Ndivyo nilivyokuwa, Yustina. Nilirudi kwenye gari nikimwambia Gervasi kwamba wanawake wa nchi hii hawajui biashara. Gervasi akasema, “Kaka, tungekaa na wenzetu leo.” Nikamwambia vitunguu havikai. Nilijitia ujuaji. Barabara ile nilikuwa nimeipita mara nyingi, nikadhani mtu akiijua barabara basi anaijua na siku.

Sitakupa orodha ya dalili za hatari, karatasi ya hospitali inazo. Ila yule mama wa chai ndiye dalili niliyoiona kwa macho yangu nikaitania. Wenyeji wakifunga meko mapema, na wewe funga. Usiulize kwanza kwa nini.

Kizuizi tulikikuta kama saa nne. Gogo limelazwa barabarani, matairi yanafuka moshi pembeni. Vijana, hawafiki kumi. Hawakuwa na sare. Wengine walikuwa na bunduki, wengine mapanga tu. Mkubwa wao alivaa koti la mvua la kijani, na jua lilikuwa kali. Huyo hakuwa na fujo. Alisoma karatasi zetu taratibu, akauliza tunabeba nini, akamwambia Gervasi ashuke afungue turubai aone. Akaona vitunguu. Akachukua viwili, akanusa, akatia mfukoni. Akasema, “Nendeni.”

Elewa hapo, mwanangu. Tulikuwa tumeruhusiwa. Gogo lilikwishaanza kuvutwa. Mimi nilikuwa nimewasha gari. Gervasi alikuwa chini anafunga kamba za turubai. Kijana mmoja akamsogelea akaanza kumhoji: huko mlikotoka mmeona wanajeshi? Wangapi? Wamekaa wapi? Nami nikamwona Gervasi anamgeukia na lile tabasamu lake la kuanza mazungumzo. Nikajua atajibu. Atamweleza kila kitu, tena na jina la kamanda kama alilipata, na tutaonekana tuko upande fulani. Nikaingiwa na hofu. Nikatoa kichwa dirishani nikampigia kelele kwa Kisandawe: “Panda haraka, usimjibu huyo!”

Ndiyo hayo tu. Maneno manne.

Yule aliyekuwa anavuta gogo aliliachia. Wote wakanigeukia. Walikuwa hawajawahi kusikia kitu kama kile. Siwalaumu kwa hilo, hata nchini kwetu wapo wanaodhani tunawatania. Wao walikuwa vitani, wamekesha, wanaogopa, na mtu ametoa sauti za kugonga mdomoni akimwelekea mwenzake. Mwenye koti akaja taratibu hadi mlangoni kwangu. “Umesemaje?” Nikamwambia ni lugha ya nyumbani. “Hakuna lugha kama hiyo,” akasema. “Hiyo ni ishara. Mmefundishwa wapi?”

Wakanishusha. Wakanipeleka nyuma ya gari, Gervasi wakamweka mbele, hatuonani. Mwenye koti akaniuliza tena, kwa upole kabisa, “Umemwambia nini?”

Nikasema, “Nimemwambia afunge kamba vizuri.”

Wala sikuwaza. Uongo ulitoka wenyewe kama kikohozi. Ningewezaje kumwambia mtu mwenye bunduki kwamba nimemkataza mdogo wangu asimjibu kijana wake? Niliona nimejiokoa. Nikaona hata nimekuwa mwepesi.

Akaenda mbele. Nikamsikia Gervasi anajibu, na alikuwa anacheka kidogo. Akasema, “Kaka kaniambia nipande haraka, nisimjibu huyu bwana. Ana haraka huyo, anaogopa vitunguu vitaoza.” Alisema kweli. Kweli yenyewe ilikuwa nyepesi, ilikuwa inachekesha, na nadhani ingepita. Wangetutukana, wangenizaba kibao, tungeondoka. Gervasi alisema kweli kwa sababu hakufikiri kwamba kaka yake angesema kitu kingine.

Mwenye koti akarudi. “Mdogo wako kasema tofauti,” akaniambia. “Mmoja wenu ni mwongo. Ni nani?”

Yustina, hiki ndicho kipande ambacho sijamwambia mtu. Nilipewa nafasi. Alinitazama, akasubiri. Nilikuwa na maneno matatu ya kusema: mwongo ni mimi. Nikatazama tairi. Nilinyamaza. Na alipoona nimenyamaza akajijibu mwenyewe kwamba aliyepokea ishara ndiye mwenye siri. Akasema, “Wewe peleka gari. Huyu abaki atufafanulie hiyo lugha.”

Nikapanda. Ninaandika hivi na mkono hautetemeki, unaona mwandiko. Nikapanda gari. Gervasi alikuwa amekalishwa chini kwenye kivuli cha kanisa. Akaninyooshea mkono wa kushoto, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ili na wao wasikie, “Kaka, nenda tu. Nitawafundisha vidoko hawa. Kesho nitakukuta.”

Unaona alivyokuwa. Alikwishaelewa wakati mimi bado sijaelewa. Alitumia Kiswahili.

Nikaendesha. Vitunguu vilifika, vyote, wala havikuoza. Nikasubiri siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne nikarudi kwa msafara na malori mengine, askari wakitangulia. Pale kizuizini hapakuwa na mtu. Gogo lilikuwa limesukumwa mtaroni, matairi yameungua yamebaki nyaya. Kanisa limefungwa kwa kufuli. Nilishuka nikazunguka kwenye mihogo nikimwita kwa jina, na niliita kwa Kiswahili. Msafara ukapiga honi. Nikapanda.

Baada ya hapo ni ofisi. Nilizunguka ofisi miaka miwili, huku na kule, mpaka walinzi wa mlangoni wakawa wananisalimia kwa jina. Hakuna aliyejua. Sikuvuka mpaka tena. Niliacha malori marefu, nikaja kwenye tipa, Nkuhungu na machimboni, machimboni na Msalato, jioni nyumbani.

Na Kisandawe nilikiacha siku ile. Sikukaa chini nikaamua. Nilifika kijijini kwetu Chemba, bibi yako akatoka mbio nje, akaniuliza kwa Kisandawe, “Yuko wapi mwenzako?” Nikafungua kinywa na kilichotoka ni Kiswahili. Kila nilipotaka kupiga kidoko nilimwona yule kijana anaachia gogo. Nikawa namjibu mama yangu mzazi kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji kliniki. Majirani wakasema huyu mjini kumempanda kichwani, anaionea haya lugha ya kwao. Niliwaacha waseme. Hilo lilikuwa afadhali kuliko kweli yenyewe.

Kisha wewe ukaanza kuongea. Nikasema moyoni huyu hatapata lugha ya kumponza. Kila bibi yako alipokusemesha nilikuita ndani. Ulikuwa na miaka mitano ulipojifunza kuhesabu kwake, moja mpaka kumi, ukaja unanionyesha kwa furaha. Nikakugombeza. Hukumbuki, au unakumbuka na umenyamaza, maana na wewe una tabia hiyo, umeirithi kwangu. Nilifikiri nakulinda. Kumbe nilikuwa nakuadhibu wewe na bibi yako kwa kosa langu, na ninyi hamjui mnaadhibiwa kwa nini. Samahani, mwanangu. Neno hilo nimelibeba miaka na nikiliandika hapa naliona dogo.

Sasa ninalotaka kukuambia juu ya huko uendako. Si mengi.

Lugha haikumuua Gervasi. Nimeishi zaidi ya miaka ishirini nikiilaumu lugha kwa sababu lugha haiwezi kunijibu. Kilichomponza ni mimi kujifanya mjanja mara mbili na kunyamaza mara moja. Huko ukisimamishwa, ongea kitu wanachokielewa, hata kama ni kwa kubangaiza. Ukiulizwa umesema nini, sema ulichosema, hata kama kinakutia aibu. Usitunge. Mwenzako aliye upande wa pili wa gari hajui umetunga nini.

Na utani wetu huu wa Dodoma uache stendi. Najua umechukua kwa ukoo wa mama yako, kutwa unamtania kila mtu, hata yule ofisa wa pasi ulimwambia amepiga muhuri kama anaua mende. Hapa tunacheka. Kule hawakujui.

Najua pia jambo moja ambalo karatasi ya hospitali hailijui. Wameandika kwamba hali ikichafuka mtaondolewa, mkae tayari na begi dogo. Sawa. Lakini nakujua. Kukiwa na mama kitandani uchungu umemshika, hutapanda gari. Utasema “subirini kidogo.” Sitakuomba uahidi kwamba utapanda, kwa sababu utaniahidi kisha utavunja, na nitakuwa nimekufundisha uongo mwingine. Nakuomba tu usibaki peke yako. Ukibaki, mwambie mtu kwa jina kwamba umebaki, na uko chumba gani. Gervasi alibaki na aliyejua alipobaki alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mwoga.

Limebaki la simu.

Nilipopanda humu saa kumi nilikuwa na nia moja, nikuandikie ufute ile sauti ya bibi yako. Ile uliyomrekodi kijijini miaka miwili iliyopita, wiki chache kabla hajafa, unayoisikiliza ukiwa unasuka nywele. Siku hizi vizuizini wanafungua simu. Wanatazama picha, wanasikiliza sauti. Nikamfikiria kijana mmoja wa huko anabonyeza, na bibi yako anaanza kupiga vidoko kutoka kwenye mkono wake, na wewe umesimama hapo unaulizwa anasema nini. Na hujui anasema nini. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi wiki nzima, si kingine. Utaulizwa, na kweli utasema hujui, na hakuna atakayekuamini.

Umeniomba nikutafsirie tangu siku ya mazishi. Nimekuwa nakuambia, “Anasalimia tu.” Uongo huo pia, ongeza kwenye hesabu.

Hasalimii. Nakuandikia anavyosema, neno kwa neno kadiri ninavyoweza. Anasema hivi: “Mjukuu wangu, wewe unayechukua jina langu. Nimezaa wavulana wawili. Mmoja hakurudi. Mwingine alirudi ila hasemi na mimi. Nilimzaa na ulimi, niliuona. Mwambie baba yako sina hasira naye. Mwambie chochote alichokifanya huko, nimeshakilia. Mwambie anijibu.”

Halafu anakohoa, halafu wewe unasikika ukicheka na kusema, “Bibi, sielewi, sema tena.” Naye anasema tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka hapo, nikila matikiti. Nilimsikia mara zote mbili. Nikaendelea kula.

Ifute, Yustina, kabla hujavuka mpaka. Lakini kwanza nirushie mimi. Nionyeshe namna ya kuitunza isipotee, hiyo simu yangu hupenda kufuta vitu yenyewe. Nikishakupeleka nitakuwa na nafasi. Njia ya machimboni ni ndefu na humu ndani ya tipa siko na mtu. Nitamjibu. Amechelewa kujibiwa, najua, na sijui kama ulimi bado unaweza, ila nitaanza na moja mpaka kumi kama ulivyoanza wewe.

Mama yako ananiita, anauliza oili gani hiyo inakaguliwa saa nzima. Nimalize.

Barua hii usiisome leo. Nitaitia kwenye mfuko wa mbele wa begi, juu ya karanga, maana karanga zitashinda, zipu ikatike isikatike. Isome basi likishaondoka, kisha umwachie mama yako aisome ukirudi. Hapana. Nitamwambia mwenyewe kesho tukitoka stendi, kabla sijawasha gari. Imetosha kuwapa watu wengine kazi ya kusema.

Utakapokuwa unasoma hapa, nitakuwa nimekwishakuambia kitu kwa Kisandawe kabla hujapanda basi. Kwa sauti, mbele ya abiria na makondakta na wauza maji. Watu watakuwa wamegeuka, pengine mmoja amesema tumeanza kuvunja karanga. Wewe utakuwa hukuelewa, umenishangaa tu, na nafasi ya kukueleza haikuwepo, basi likiwa linaondoka. Ndiyo nakueleza hapa. Jirani yako wa kwenye siti akikuuliza yule mzee amesemaje, mjibu kweli: amesema nirudi nyumbani.

Na mimi, nikiulizwa huku nilikobaki nimesemaje, nitajibu kweli hivyo hivyo.

Baba yako.